Mchepuo, KKK, Umahiri: Nani Anakumbuka Tulichokwisha Kujaribu?

Hotuba kwa walimu tarajali, wakufunzi na walimu wa shule jirani

Ndugu Mkuu wa Chuo, wakufunzi, walimu wa shule za mazoezi, na ninyi wanachuo ambao miezi michache ijayo mtakuwa mmesimama mbele ya ubao: nawasalimu nyote. Wazee wetu mliokaa mstari wa mbele, shikamooni.

Nimeombwa nizungumzie mashirika ya kimataifa na namna yanavyogusa mitaala ya shule. Naomba nianze na karatasi mliyonayo kila mmoja wenu. Mmeshajifunza kuandaa azimio la kazi kutoka kwenye muhtasari mpya, na safu zake mnazijua kwa kichwa: umahiri mkuu, umahiri mahususi, shughuli za ujifunzaji, vigezo vya upimaji, idadi ya vipindi. Chukueni karatasi hiyo mwende nayo Kigali au Nakuru. Mwalimu wa kule ataielewa bila kuuliza maswali mengi, kwa sababu na yeye anafanya kazi kwa mpangilio wa namna hiyo. Sisi Tanzania tulianza kuhamia mtaala wa umahiri, unaotazama mwanafunzi anaweza kufanya nini na si anajua nini tu, mwaka 2005. Rwanda walianza kuutumia wa kwao 2016. Kenya waliufanyia majaribio 2017, wakaupeleka nchi nzima 2019. Hizi ni nchi tatu zenye historia tofauti na lugha tofauti za kufundishia, na kila moja ilianza kwa wakati wake. Zimefikaje kwenye karatasi inayofanana?

Swali hilo si la Afrika Mashariki peke yake. John Meyer na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford walipekua ratiba za masomo ya shule za msingi za nchi nyingi katika karne ya 20. Walikuta nchi tajiri na nchi maskini, zilizotawala na zilizotawaliwa, zinagawa saa za masomo kwa namna inayokaribiana sana. Mtu angetegemea kila taifa lifundishe kufuatana na mazingira yake. Kumbe mataifa yanatazamana, na katikati yao wapo wanaobeba habari kutoka huku kwenda kule: UNESCO, UNICEF, Benki ya Dunia, OECD ambayo ni jumuiya ya nchi zilizoendelea kiuchumi, na mashirika ya misaada ya nchi moja moja.

Nimesikia watu wakisema kwamba Benki ya Dunia ndiyo inayotuandikia mitaala. Si kweli, na kusema hivyo ni kuwavunjia heshima wenzetu. Mitaala ya Tanzania Bara inaandikwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, na Zanzibar wana taasisi yao. Wanaoandika ni Watanzania. Nguvu ya mashirika iko kwenye mambo matatu: fedha, vipimo na kumbukumbu. La tatu ndilo linaloniuma zaidi, na ndilo nitakalokaa nalo kwa muda mrefu. Mashirika haya yamebadilisha mawazo yao mara nyingi, jambo ambalo si dhambi, kwa maana anayejifunza hubadilika. Tatizo ni kwamba kila yanapobadilika yanatukuta sisi tumesahau tulichokwisha kujaribu.

Chukueni habari ya mchepuo, yaani mkondo wa masomo ya kazi ndani ya sekondari. Benki ya Dunia ilianza kwa kukopesha fedha za barabara, umeme na mabwawa. Mkopo wake wa kwanza wa elimu ulikwenda Tunisia mwaka 1962, na nchi yetu haikuchelewa kufuata. Wakati ule wataalamu wa maendeleo waliamini kwamba sekondari ya masomo matupu inazalisha makarani, na kwamba dawa yake ni kuchanganya masomo ya kawaida na ya kazi. Sisi nasi tulikuwa na fikra zetu wenyewe, zilizotoka humu humu ndani. Machi 1967 Mwalimu Nyerere alitoa andiko la Elimu ya Kujitegemea, akitaka shule iwe na shamba na kazi za mikono, na mtoto asifundishwe kuwadharau wazazi wake wakulima. Fikra hizo mbili zilikutana. Miaka ya 1970 shule zetu za sekondari zikawa na michepuo: kilimo, biashara, ufundi, sayansi kimu. Wazee waliopo hapa wanakumbuka kwamba mtu akikuambia amesoma sekondari, swali lililofuata lilikuwa mchepuo gani. Ifunda, Moshi na Tanga zikajulikana kwa ufundi nchi nzima.

Kisha Benki ikataka kujua kama fedha zake zimezaa matunda. Mwaka 1985 watafiti wake wawili, George Psacharopoulos na William Loxley, walitoa tathmini ya nchi mbili zilizofanya jambo hili kwa upana, Colombia na Tanzania. Walikuta kwamba wanafunzi wa mchepuo wanajua somo la mchepuo wao vizuri kuliko wengine. Hilo ni jema. Lakini faida iliyotarajiwa kwenye soko la ajira haikuonekana, na gharama ya kumsomesha mwanafunzi katika baadhi ya michepuo, hasa ufundi, ilikuwa kubwa. Tena wengi wao walitaka kuendelea na masomo kama wenzao wa masomo ya kawaida. Karakana haikuwa imebadilisha ndoto zao.

Tathmini hiyo iliungana na hesabu nyingine zilizokuwa zikifanywa na Benki hiyo hiyo, zilizosema kwamba fedha zinazowekwa kwenye elimu ya msingi ndizo zenye faida kubwa zaidi kwa nchi maskini. Upepo ukageuka. Machi 1990 UNESCO, UNICEF, UNDP (shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa) na Benki ya Dunia waliziita nchi Jomtien, Thailand, zikatoa azimio la Elimu kwa Wote. Mwaka 2000 zikakutana tena Dakar. Ada ya shule za msingi ikafutwa kwetu mwaka 2001, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, ukaanza, madarasa yakajengwa, na watoto wakamiminika. Sitazidharau siku zile hata kidogo. Lakini michepuo ilikuwa imekwisha kukosa msemaji. Mimi nimefundisha kwenye shule iliyokuwa na karakana ya wakati ule: benchi za useremala zimesukumwa ukutani, jiliwa limeota kutu, na chumba kizima kinatumika kama stoo ya madawati mabovu. Wanafunzi waliniuliza kile chumba kilikuwa cha nini.

Na leo? Mtaala wa 2023 umeirudisha sekondari kwenye mikondo miwili, jumla na amali, yaani masomo ya ufundi na kazi. Wanafunzi wa kwanza wa amali waliingia Kidato cha Kwanza Januari 2024. Dunia nzima sasa inazungumza ujuzi na ajira kwa vijana, na washirika wa maendeleo wanaochangia elimu yetu nao wanaimba wimbo huo. Mimi naunga mkono amali. Naiunga mkono kwa moyo wote, kwa sababu nimewaona vijana wenye akili za mikono wakihesabiwa kuwa wajinga kwa miaka minne. Lakini nimezungumza na walimu kadhaa wa mkondo huu na kuwauliza kama wanajua kwamba nchi yetu ilijaribu jambo la karibu na hili, ikatathminiwa, na kwamba tathmini hiyo ndiyo mojawapo ya sababu za kuachwa kwake. Wengi ilikuwa mara yao ya kwanza kusikia. Hawakuwa wameambiwa kwamba tatizo la wakati ule lilikuwa kijana kuona mchepuo kama daraja la kwenda kidato cha tano, wala kwamba gharama kubwa ya kumsomesha mwanafunzi ilichangia kuumaliza. Hayo ndiyo mambo mawili ambayo mwalimu wa amali anapaswa kuyajua kabla hajafungua mlango wa karakana.

Sasa nije kwenye vipimo, kwa sababu hapa ndipo mashirika yana nguvu isiyoonekana kwa urahisi. Kuna upimaji wa stadi za kusoma kwa madarasa ya awali unaojulikana kwa kifupisho EGRA. Ulitengenezwa kuanzia 2006 kwa fedha za USAID, shirika la misaada la Marekani, ukasambaa katika nchi nyingi, na hapa kwetu ulifanyika nchi nzima 2013. Anayepima anakaa mkabala na mtoto wa darasa la pili. Anampa karatasi yenye silabi, kisha yenye maneno ya kubuni yasiyo na maana, ili kujua kama mtoto anasoma kweli au amekariri. Kisha inakuja hadithi fupi. Saa inabonyezwa, mtoto anasoma, na kila neno alilokosea linapigwa mstari kwenye nakala ya mpimaji. Sekunde 60 zikiisha, anaambiwa basi, halafu anaulizwa maswali kuhusu alichosoma. Mtoto aliyeshindwa kabisa mstari wa kwanza anasimamishwa hapo hapo, asiteseke.

Ni kipimo chenye akili, na kilitusaidia. Kilionyesha jambo ambalo walimu walikuwa wakilisema vikaoni bila kusikilizwa, kwamba watoto wengi wanafika darasa la tatu bila kuweza kusoma kwa ufahamu. Mwaka 2015 tukapata mtaala wa KKK kwa darasa la kwanza na la pili. Masomo yakapunguzwa ili muda mwingi uende kwenye kusoma, kuandika na kuhesabu, na fedha za Ushirikiano wa Kimataifa wa Elimu, GPE, zikalipia mafunzo na vitabu. Hapo kipimo kimetangulia, mtaala ukafuata.

Lakini kipimo cha maneno kwa dakika kina tabia zake. "Hawatatusumbua" ni neno moja kwenye karatasi ya mpimaji. Kwa Kiingereza jambo hilo hilo lingekuwa maneno matano hivi, na mtoto angepata alama tano. Huwezi kuchukua kasi inayotakiwa kwa lugha moja ukaibandika kwenye nyingine, na wataalamu wenyewe wa EGRA wanalisema hilo, kwamba kila lugha iwekewe kiwango chake. Maonyo hayo hayafiki darasani. Kinachofika ni namba. Mwalimu akishajua kwamba shule itapimwa kwa kasi, atafundisha kasi. Nimekaa nyuma ya madarasa nikasikia watoto wakisoma mbio bila kupumua kwenye nukta, na mwalimu akitabasamu. Alikuwa mwalimu mzuri, anafanya alichoambiwa kwamba ndicho kitakachohesabiwa.

Msidhani kwamba ni nchi maskini tu zinazotikiswa na vipimo. OECD ilianzisha upimaji wa PISA mwaka 2000, unaolinganisha nchi katika kusoma, hisabati na sayansi, kwa wanafunzi wa miaka 15. Haina mamlaka juu ya shule ya nchi yoyote, na Ujerumani haikopi fedha kwake. Matokeo yalipotangazwa Desemba 2001, Wajerumani walijikuta chini ya wastani, na wakaona kwamba mtoto wa fukara kwao anaachwa nyuma kuliko katika nchi nyingi nyingine. Magazeti yaliandika kana kwamba nchi imeingiliwa. Kufikia 2003 na 2004 walikuwa wameshaweka viwango vya taifa vya masomo, katika nchi ambayo kila jimbo lilikuwa na mambo yake. India nayo ilipeleka majimbo mawili, Tamil Nadu na Himachal Pradesh, yakashika karibu mkia, na serikali ikajitoa kwenye raundi zilizofuata. Mmoja alibadilisha shule, mwingine akakataa kioo.

Umahiri wenyewe, huu uliomo kwenye azimio la kazi lenu, una jirani ambaye tungepaswa kumwuliza kwanza. Afrika Kusini ilizindua mtaala wa kupima kwa matokeo mwaka 1997, baada ya ubaguzi wa rangi, kwa nia njema kabisa ya kuifuta elimu ya Kibantu, ile duni iliyotengewa Weusi. Waliazima mawazo kutoka nje. Mwaka 2000 kamati iliyoongozwa na Linda Chisholm ikauchunguza. Ikakuta walimu hawakuandaliwa vya kutosha, vitabu ni vichache, lugha ya nyaraka ni ngumu mno, na shule zenye uwezo ndizo zinazofaidika huku za vijijini zikitapatapa. Ukarekebishwa, lakini malalamiko hayakuisha. Mwaka 2010 serikali ikatangaza kuachana nao, na kuanzia 2012 ikaleta mtaala unaomwambia mwalimu waziwazi afundishe nini na lini. Sisi tuliingia 2005, katikati ya safari hiyo ya jirani yetu.

Kwa mwalimu mwenye wanafunzi 35, safu ya shughuli za ujifunzaji ni nzuri. Watoto watakaa kwenye vikundi, watafanya jaribio, watawasilisha. Wengi wenu mtakwenda kukutana na 90, na wengine zaidi ya 100, kwenye chumba ambacho huwezi kupita kati ya madawati. Idadi ya vipindi kwenye muhtasari haiulizi hilo. Mkifika huko, msione aibu kusema kwenye vikao vya MEWAKA, mafunzo endelevu ya walimu kazini, kwamba shughuli fulani haikuwezekana, na mseme kwa nini. Ripoti inayosema kila kitu kimetekelezwa ndiyo inayokwenda Dodoma, kutoka Dodoma inakwenda kwa mfadhili, na mfadhili anaipeleka nchi nyingine kama mfano wa mafanikio. Nchi hiyo itaigiza kitu ambacho hakikutokea.

Kuna jambo moja linalotuondolea kisingizio cha kusema tumelazimishwa. Mwaka 1953 UNESCO ilichapisha maoni ya wataalamu wake kwamba lugha bora ya kumfundishia mtoto ni ile anayoielewa. Imelirudia neno hilo kwa miaka 70. Mwaka 2021 hata Benki ya Dunia ilitoa ripoti ikisema mtoto afundishwe kwa lugha anayoielewa angalau kwa miaka sita ya shule ya msingi, na kuongeza hata zaidi ya hapo panapowezekana. Sisi tuna ushahidi wetu pia. Kwenye upimaji wa tatu wa SACMEQ, uliofanyika 2007 kwa wanafunzi wa darasa la sita wa nchi za kusini na mashariki mwa Afrika, Tanzania Bara ilipata karibu alama 578 katika kusoma, wakati wastani wa kanda ulikuwa karibu 512. Ilikuwa juu ya wote. Watoto wetu walipimwa kwa Kiswahili, na wengi wa wenzao walipimwa kwa lugha za wageni. Sisemi kwamba hilo linaeleza kila kitu. Nasema kwamba mtoto huyo huyo, miezi michache baada ya darasa la saba, anaingia Kidato cha Kwanza na kukuta fizikia, jiografia na historia vimegeuka Kiingereza, na sauti yake inapotea darasani.

Hapo UNESCO ilishauri, Benki ikashauri, walimu wakapiga kelele, na Sera ya Elimu ya 2014 ikasema wazi kwamba Kiswahili kitumike katika ngazi zote. Hatukufanya. Kumbe tunao uwezo wa kulikataa shauri la dunia nzima tukitaka. Basi tukikubali shauri jingine, tusijifanye kwamba mikono yetu ilikuwa imefungwa. Tuseme tumelikubali kwa sababu gani, na hizo sababu ziandikwe.

Upande wa fedha nitasema kidogo tu, kwa sababu mwaka 2025 umeshasema. Januari serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na kufikia Julai mosi USAID ilikuwa imefungwa. Hapa kwetu miradi ya kusoma ya madarasa ya awali katika Iringa, Morogoro, Mtwara, Ruvuma na Zanzibar ilikuwa ikitegemea mfuko huo. Walimu waliokuwa wamezoea kutembelewa na washauri wa mradi walikaa wakisubiri ziara ambazo hazikuja. Vitabu vilibaki, na ujuzi wa walimu waliofundishwa ulibaki. Takwimu za watoto, darasa kwa darasa, zilizokusanywa miaka yote ile kwa vishikwambi vya mradi, ni shule ngapi zilibaki na nakala yake? Nawauliza walimu wa shule jirani mliopo hapa. Nyanyueni mikono.

Naona mikono michache. Ndiyo maana nasema kumbukumbu ndilo jambo linaloniuma.

Namkaribisha mtaalamu wa nje. Wazee walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mradi wa elimu ya watu wazima wenye manufaa ambao UNESCO iliuendesha kuanzia 1968 katika mikoa ya Mwanza, Shinyanga, Mara na Ziwa Magharibi (sasa Kagera) ulitufundisha kuandika vitabu vya kujisomea vinavyozungumzia pamba, migomba, uvuvi na mifugo. Mkulima alijifunza herufi kwa zao lake mwenyewe. Mbinu hizo zilisambazwa nchi nzima, na Tanzania ikaheshimika duniani kwa kupambana na ujinga wa kutojua kusoma. Mgeni na mwenyeji walikaa chini, na mwenyeji alijua anachotaka kabla mgeni hajafungua mkoba.

Ninachoiomba serikali ni kwamba ripoti ya mradi wowote uliofanyika kwenye shule zetu iandikwe pia kwa Kiswahili, na nakala ibaki shuleni na ofisi ya kata. Naomba kila mabadiliko ya mtaala yatanguliwe na maelezo ya wazi ya mabadiliko yaliyopita: kilichofanya kazi, kilichoshindwa, kilichoachwa kabla hakijaiva. Taasisi ya Elimu ina watu wa kuifanya kazi hiyo. Wapewe muda na fungu.

Kwenu wanachuo nina ombi linalowezekana kuanzia mwaka huu. Kundi la kwanza la amali litafanya mtihani wa Kidato cha Nne mwaka 2027. Baada ya hapo kutakuja mtu kutoka mahali fulani, mwenye dodoso zuri, kuuliza vijana hawa wameishia wapi. Atakachoandika ndicho kitakachoamua kama mkondo huu utaishi. Wale mtakaopangwa shule za amali, fungueni daftari. Andikeni jina la kila mwanafunzi, fani yake, na namba ya mzazi au jirani atakayejua alipo. Mwanafunzi akishamaliza, mpigieni baada ya miezi sita, na tena baada ya mwaka. Muulizeni anafanya kazi gani, anapata kiasi gani, kifaa gani alichofundishiwa hakukikuta kazini, na kama angechagua tena fani ileile. Daftari hilo likae shuleni, hata wewe ukihamishwa.

Nimemaliza niliyokuwa nayo. Asanteni sana kwa kunisikiliza. Nipo tayari kwa maswali, na kama mwenyekiti ataridhia, naomba tuanze na walimu wa karakana.